Mwali wa Ioni na Elektroni za Anga ya Juu

Mji wa Sirari, katika Wilaya ya Tarime, umekaa mpakani kabisa. Ng'ambo yake ni Isebania, nchini Kenya. Siku zote watu huvuka kwenda na kurudi kwa biashara, na kila chombo kinachovuka hukaguliwa. Juu ya vichwa vya watu hao, kuanzia kilometa 60 hivi kutoka ardhini, liko eneo lisilojua mpaka wala forodha. Eneo hilo halionekani kwa macho, lakini ndilo linaloamua iwapo redio ya masafa mafupi itasikika usiku, na iwapo mpima ardhi anayetumia satelaiti atapata kipimo sahihi au atakosea kwa mita kadhaa. Eneo hilo huitwa ionosfera.

Katika makala haya tutaeleza jaribio moja la ajabu ambalo wanasayansi wamelifanya katika ionosfera: kupeleka roketi juu, na kutoka ndani ya roketi hiyo kufyatua mwali wa ioni, kisha kutazama elektroni za mahali hapo zinafanya nini. Mtu aweza kudhani kwamba katika jaribio kama hilo ioni ndizo zenye kutenda na elektroni ni watazamaji tu. Tutaona kwamba mambo ni kinyume. Ioni ni nzito na hufyatuliwa kwa nguvu, lakini elektroni, ijapokuwa ni nyepesi mno, ndizo zinazoamua kama mwali utasafiri au utakwama.

Ionosfera ni nini?

Mwanga wa jua una sehemu isiyoonekana yenye nishati kubwa, nayo ni urujuanimno pamoja na eksirei. Sehemu hiyo inapofika katika hewa nyembamba ya juu huzigonga atomu na molekuli, na kuzing'oa elektroni. Atomu iliyopoteza elektroni hubaki na chaji chanya, nayo huitwa ioni. Elektroni iliyong'olewa ina chaji hasi, nayo huzurura huru. Mchanganyiko huo wa ioni na elektroni huitwa plazma.

Msomaji asidhani kwamba anga lote la juu ni plazma tupu. Katika kimo cha kilometa 300, katika kila chembe 1,000 hivi, moja tu ndiyo ioni. Zilizobaki ni atomu na molekuli za kawaida. Hata hivyo uchache huo unatosha. Wakati wa mchana, mita moja ya ujazo katika kimo hicho huweza kuwa na elektroni milioni milioni moja, yaani 1 ikifuatwa na sifuri 12. Kuna kanuni rahisi ambayo mwanafunzi anaweza kuitumia: chukua kipeuo cha pili cha idadi ya elektroni katika mita moja ya ujazo, kisha zidisha kwa 9, jibu ni idadi ya mitetemo kwa sekunde ya wimbi la redio ambalo tabaka hilo litaweza kulirudisha ardhini likipigwa wima. Kipeuo cha pili cha milioni milioni ni milioni moja. Ukizidisha kwa 9 unapata megahezi 9. Usiku, idadi ya elektroni ikipungua hadi sehemu moja ya kumi, jibu hushuka hadi megahezi 3 hivi. Hiyo ndiyo sababu vituo vya redio vya masafa mafupi hubadili mita bendi zao kati ya mchana na usiku.

Kuwapo kwa tabaka hili kulibashiriwa mwaka 1902 na Kennelly wa Marekani na Heaviside wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, baada ya mawimbi ya Marconi kuvuka bahari ya Atlantiki mwaka 1901. Uthibitisho ulipatikana mwaka 1924 kwa kazi ya Edward Appleton, ambaye mwaka 1947 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Fahali na maharage kumi

Ili kuelewa tabia ya plazma yatupasa kwanza kufahamu tofauti ya uzito kati ya wakazi wake wawili. Chukua ioni ya agoni, gesi ambayo imetumika mara nyingi katika majaribio tutakayoyaeleza. Tungamo la ioni moja ya agoni ni sawa na tungamo la elektroni 73,000 hivi. Mfugaji wa Tarime akitaka kuiona tofauti hiyo, na amweke fahali wa kilo 300 upande mmoja, na upande wa pili aweke maharage kumi. Fahali ni ioni; maharage yote kumi pamoja ni elektroni moja.

Kutokana na wepesi huo, elektroni huenda kasi mno. Tuchukue mwali wa ioni za agoni uliofyatuliwa kwa nguvu ya volti 100. Kila ioni hutoka kwa kasi ya kilometa 22 hivi kwa sekunde. Kasi hiyo ni kubwa. Ingetosha kumfikisha mtu kutoka Sirari hadi mjini Tarime kwa muda wa kupepesa jicho mara chache. Lakini elektroni za ionosfera, ambazo hakuna aliyezifyatua, zikiwa na joto lao la kawaida tu la nyuzi 1,000 na kitu, hukimbia huku na huku kwa kasi ya kilometa 200 hivi kwa sekunde. Yaani elektroni iliyo katika hali yake ya kawaida ina kasi takriban mara kumi ya ioni iliyofyatuliwa kwa bunduki. Jambo hili ni la kukumbukwa, kwa maana ndilo ufunguo wa yote yatakayofuata.

Shanga katika uzi

Kama elektroni zingekuwa huru kwenda popote, hesabu ingekuwa rahisi. Lakini dunia yetu ni sumaku, na mistari ya nguvu za sumaku hupita katika ionosfera yote. Chembe yenye chaji haiwezi kuukata mstari huo ipendavyo, hulazimika kuuzunguka. Ukubwa wa duara lake hutegemea tungamo na kasi yake.

Katika nchi za kaskazini ya mbali, elektroni ya kawaida ya ionosfera huzunguka mstari wa sumaku katika duara lenye nusu kipenyo cha sentimeta 2 au 3 tu, nayo hukamilisha mizunguko zaidi ya milioni moja kwa sekunde. Ioni ya agoni ya volti 100 huzunguka katika duara lenye nusu kipenyo cha mita 180 hivi, nayo hukamilisha mizunguko ipatayo 19 tu kwa sekunde.

Basi tunaweza kuzifananisha elektroni na shanga zilizotungwa katika uzi. Shanga huteleza juu na chini ya uzi wake bila taabu, lakini haiwezi kurukia uzi wa jirani. Ioni nzito kwa upande wake ni kama jiwe lililorushwa katikati ya nyuzi hizo: kwa umbali wa makumi ya mita huendelea karibu moja kwa moja, ikipita uzi baada ya uzi, kana kwamba nyuzi hazipo.

Swali la mwaka 1964

Hapa ndipo tatizo lilipojitokeza. Roketi inapofyatua ioni zenye chaji chanya, yenyewe hubaki na chaji hasi. Chaji hasi huvuta chaji chanya. Kwa hiyo roketi huanza kuzivuta nyuma ioni zilezile ilizozifyatua. Je, hali hiyo huchukua muda gani kutokea?

Tukadirie. Mwili wa chuma wenye ukubwa wa mita moja au mbili una uwezo mdogo sana wa kuhifadhi umeme. Bunduki ikitoa mkondo wa sehemu moja ya kumi ya ampea, na pasiwe na elektroni zinazoondoka, mwili huo ungefikia volti 100 za hasi katika muda wa sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Baada ya hapo ioni za volti 100 zisingeweza tena kuondoka. Zingegeuka na kurudi. Jaribio lingekufa kabla halijaanza.

Wahandisi waliokuwa wakibuni injini za ioni za kuendeshea vyombo vya angani waliliogopa jambo hilo. Katika maabara, ukuta wa chuma wa tangi la ombwe ungeweza kutoa elektroni na kuficha tatizo. Angani hakuna ukuta. Jibu lilipatikana tarehe 20 Julai 1964, wakati Marekani iliporusha chombo kiitwacho SERT I kwa roketi ya aina ya Scout kutoka kituo cha Wallops. Chombo hicho hakikuzunguka dunia. Kilipanda, kikafika juu, kikashuka. Ndani yake ilikuwamo injini ya ioni za zebaki iliyobuniwa na mhandisi Harold Kaufman. Kando ya mdomo wa injini uliwekwa waya uliopashwa moto, maana chuma chenye moto mkali hutoa elektroni. Injini ilifanya kazi kwa dakika 31, na ioni zilikwenda zake bila kurudi. Elektroni za ule waya ziliondoka pamoja na ioni, na roketi haikulimbikiza chaji.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya kuijua roketi ya Scout. Tarehe 26 Aprili 1967 roketi ya aina hiyohiyo ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Malindi, Kenya, ikabeba satelaiti ya Kiitalia ya San Marco 2 iliyochunguza hewa ya juu ya eneo la ikweta. Mradi huo uliongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Kutoka jukwaa hilohilo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa satelaiti ya kuchunguza eksirei kutoka angani, nayo ikaitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya.

Majaribio ya kaskazini ya mbali

SERT I ilijibu swali la roketi, lakini ilibaki nusu ya pili ya swali: mwali wenyewe unapokwisha kuwa mbali, nani anaupa elektroni? Tukumbuke shanga na uzi. Elektroni zilizotoka kwenye roketi zimefungwa katika uzi wa sumaku zilikotolea. Ioni nzito zinapokata uzi wa pili, wa tatu na wa mia, elektroni hizo haziwezi kuzifuata. Mwali ukibaki na chaji chanya tupu, ioni zake zitasukumana na kutawanyika.

Mwezi Machi 1979, katika kituo cha Esrange karibu na Kiruna, kaskazini mwa Sweden, zilirushwa roketi za mradi ulioitwa Porcupine, ulioongozwa na wanasayansi wa Ujerumani Magharibi ya wakati huo. Wanasayansi wa Umoja wa Kisovyeti walileta bunduki ya kufyatua ioni za zenoni, gesi nzito zaidi kuliko agoni. Bunduki ilitenganishwa na roketi, ili vipimo vilivyobaki kwenye roketi viutazame mwali kutoka mbali. Ilionekana kwamba ioni za zenoni zilikata mistari ya sumaku na kufuata njia zao, karibu kama kwamba kila moja ilikuwa ikisafiri peke yake. Mwali haukusambaratika wala haukukwama.

Maana yake ni kwamba katika kila uzi uliokatwa na mwali, elektroni za ionosfera yenyewe ziliteleza kutoka juu na kutoka chini, zikaingia ndani ya mwali, zikaipoza chaji yake, na mwali ulipokwisha kupita zikarudi. Elektroni ziliweza kufanya hivyo kwa sababu tuliyokwisha kuitaja: kasi yao ya kawaida ni mara kumi ya kasi ya mwali. Tena, kuteleza kwa elektroni ni mkondo wa umeme. Kwa hiyo mwali unaokwenda upande mmoja huamsha mikondo ya umeme inayokwenda upande mwingine, kuufuata uzi wa sumaku, mbali na mahali bunduki ilipo.

Kuanzia mwaka 1980 hadi 1990 wanasayansi wa Marekani, wakiwamo wa vyuo vikuu vya New Hampshire, Minnesota na Cornell, waliendelea na mfululizo wa majaribio ulioitwa ARCS, kutoka Alaska na Greenland. Wao walitumia agoni. Walizichagua nchi hizo kwa sababu huko huonekana mianga ya kaskazini, ambayo hutokea pale elektroni zenye nishati kubwa zinapoteremka kutoka mbali na kuigonga hewa. Asili huko hufanya mambo mengi kwa wakati mmoja, na ni vigumu kujua lipi ni chanzo na lipi ni tokeo. Lakini mtu anayefungua na kufunga bunduki yake mwenyewe anajua chanzo; kazi yake ni kupima tokeo.

Jinsi elektroni zinavyopata nishati

Katika majaribio hayo bunduki ilipofunguliwa, vipimo vilionyesha elektroni zenye nishati kubwa kupita kiasi cha kawaida. Elektroni ya kawaida ya ionosfera ina nishati ya sehemu moja au mbili za kumi za elektronivolti. Karibu na mwali zilionekana elektroni zenye makumi ya elektronivolti. Yaani zilikuwa zimepata nishati mara mia na zaidi. Zimeipata wapi? Haziwezi kuipata kwa kugongwa na ioni, maana katika hewa nyembamba kiasi hicho chembe hizo hukutana kwa nadra mno. Na hata zikikutana, fahali akigonga harage hampi nishati yake nyingi.

Njia ya kwanza tumekwisha kuiona. Chaji chanya ya mwali huzivuta elektroni kuelekea ndani, na elektroni inayovutwa huongeza kasi. Jambo hili huwa na nguvu hasa pale bunduki inapofunguliwa ghafla, au karibu na mdomo wake, ambako ioni zimesongamana.

Njia ya pili ni mawimbi. Upepo ukivuma juu ya Ziwa Victoria, uso wa maji haubaki tambarare. Nishati ya upepo huingia katika maji na kuinua mawimbi. Vivyo hivyo, ioni zinazopita kwa kasi katikati ya elektroni zilizotulia huamsha mawimbi ya umeme. Lakini plazma haikubali kila mtetemo. Kama vile kila uzi wa litungu, chombo cha muziki cha Wakuria, ulivyo na sauti yake, ndivyo plazma iliyo katika uga wa sumaku ilivyo na mitetemo yake maalumu. Mmoja muhimu uko kati ya mzunguko wa haraka wa elektroni na mzunguko wa polepole wa ioni. Katika ionosfera huwa na mitetemo elfu kadhaa kwa sekunde. Katika mtetemo huo ioni huyumba kuukata uzi wa sumaku, na elektroni huyumba kuufuata uzi. Hivyo ni kama daraja: nishati iliyokuwa kwa ioni inavuka na kuwafikia elektroni.

Sasa, elektroni ikiwa inateleza katika uzi wake kwa kasi inayokaribia kasi ya wimbi, hubebwa na wimbi kama mtumbwi unaobebwa na wimbi kuelekea ufukoni. Kila linapoendelea kuisukuma, ndivyo inavyopata nishati zaidi. Elektroni zilizo polepole sana huachwa nyuma; zilizo kasi sana hulipita wimbi. Ni zile zinazokwenda pamoja na wimbi tu ndizo zinazofaidika.

Kwa hiyo mwali wa ioni hauzipashi joto elektroni kama jiko linavyopasha maji, zote kwa usawa. Huzichagua baadhi, na kuzipa nyingi.

Anga ya Sirari ina tofauti gani?

Majaribio tuliyoyaeleza yalifanywa mahali ambapo mistari ya sumaku inakaribia kusimama wima. Kiruna na Alaska huinama kwa zaidi ya digrii 75 kutoka usawa wa ardhi. Elektroni inayoufuata uzi huko huweza kupanda hadi maelfu ya kilometa, nje kabisa ya ionosfera.

Katika Mkoa wa Mara hali ni nyingine. Ikweta ya sumaku haifanani na ikweta ya ramani. Katika upande wetu wa Afrika hupita Ethiopia. Sirari, iliyo kusini kidogo ya ikweta ya ramani, iko mbali zaidi kusini ya ikweta ya sumaku, na hapo mistari ya sumaku imelala, ikiinuka kuelekea kaskazini kwa pembe iliyo kati ya digrii 20 na 30. Uzi wa sumaku unaopita juu ya Sirari hupanda taratibu kuelekea kaskazini, hufika kilele chake mamia ya kilometa tu juu ya Ethiopia, kisha hushuka upande wa kaskazini mwa Sudan. Ncha zake mbili, pamoja na sehemu yake kubwa, zimo ndani ya ionosfera.

Kutokana na kulala huko kwa mistari, anga yetu ina jambo ambalo ya kaskazini haina. Mchana, nguvu za umeme zilizopo juu ya ikweta ya sumaku huinua plazma juu. Ikifika juu, plazma hiyo huteleza kwa uzito wake kufuata mistari ya sumaku, nusu upande wa kusini na nusu upande wa kaskazini, kama maji ya chemchemi yanayoruka na kumwagika pande mbili. Appleton aliutangaza msongamano huo mwaka 1946. Mikusanyo miwili ya elektroni hujengeka, kila mmoja digrii 15 hivi kutoka ikweta ya sumaku. Sirari iko karibu na mkusanyo wa kusini. Hivyo anga ya Mara, wakati wa alasiri, ni miongoni mwa sehemu zenye elektroni nyingi sana duniani.

Baada ya jua kuchwa, sehemu ya chini ya tabaka hilo hupungukiwa haraka, nayo ya juu hubaki nzito. Hapo huweza kuzuka mapovu, yaani sehemu zilizo na elektroni chache, yanayopanda katikati ya plazma nzito na kurefuka kufuata uzi wa sumaku. Mawimbi ya satelaiti yakipita katika mapovu hayo humetameta kama nyota, na mpokeaji ardhini huweza kupoteza mawasiliano kwa muda. Mpima viwanja wa Tarime, anayetegemea satelaiti kuweka jiwe la mpaka, ana haki ya kujua kwamba kosa lake laweza kuwa limetoka kilometa 300 juu yake. Kosa la mita chache katika kiwanja si jambo dogo. Watu wamegombana kwa pungufu ya hapo.

Je, kuna hatari?

Mwanafunzi mwenye fikra atauliza: kama roketi moja yaweza kuzitibua elektroni, je, haziwezi kuharibika kabisa? Tufanye hesabu. Mkondo wa sehemu moja ya kumi ya ampea hutoa ioni zipatazo 6 zikifuatwa na sifuri 17 kila sekunde. Kilometa moja ya ujazo ya ionosfera ya mchana ina elektroni 1 ikifuatwa na sifuri 21. Bunduki hiyo ingehitaji dakika 27 hivi ili itoe ioni za kulingana na elektroni za kilometa hiyo moja. Ionosfera ina mabilioni ya kilometa za ujazo. Aidha, agoni ni gesi bwete. Haina tabia ya kuungana na nyingine.

Hatari iliyo kubwa zaidi imeonekana kwa moshi wa injini za kawaida za roketi. Tarehe 14 Mei 1973, roketi ya Saturn V iliyobeba kituo cha Skylab ilipita katika ionosfera ikiwa bado inaunguza mafuta. Mvuke wa maji na hidrojeni vilivyotoka viliungana na ioni za oksijeni na kufanya ioni za molekuli, ambazo humeza elektroni upesi sana. Lilitokea tundu la mamia ya kilometa ambamo elektroni zilipungua sana kwa saa kadhaa. Tundu hilo lilifunguliwa na kemia, wala si na nguvu ya mwali.

Hata hivyo hesabu ya bunduki moja haitoshi tena. Tangu mwaka 2019 zimerushwa maelfu ya satelaiti za mtandao wa Starlink, zikizunguka katika kimo cha kilometa 550 hivi, ndani ya ionosfera. Kila moja ina injini ya ioni. Za mwanzo zilitumia kriptoni, na kuanzia mwaka 2023 zilianza kutumika zenye agoni. Kila injini hiyo ina chombo chake cha kutoa elektroni, mrithi wa ule waya wa moto wa mwaka 1964. Kilichokuwa jaribio la dakika chache sasa ni kazi ya kila siku, na nyingi za satelaiti hizo hupita juu ya ikweta, juu ya mistari ya sumaku iliyolala. Ni wajibu wa nchi zilizo chini ya anga hiyo kuwa na watu wao wanaoweza kupima na kuhukumu wenyewe.

Kwa walimu na wanafunzi

Yafuatayo yanaweza kufanywa shuleni bila vifaa vya gharama.

Kwanza: funga sindano ya kushonea kwa uzi mwembamba katikati, mpaka ining'inie sawasawa na ardhi. Kisha bila kusogeza fundo, isugue kwa sumaku mara nyingi kuelekea upande mmoja. Ining'inize tena mbali na vitu vya chuma. Itageuka kaskazini na kusini, na ncha ya kaskazini itainuka. Hiyo ndiyo pembe ya uzi wa sumaku wa mahali penu. Katika Ulaya ncha hiyo hushuka. Mwanafunzi aeleze kwa nini.

Pili: sikilizeni redio ya masafa ya kati saa saba mchana na saa tatu usiku, kwa wiki mbili. Andikeni vituo vilivyosikika kila wakati. Usiku vituo vya mbali huongezeka, kwa sababu tabaka la chini kabisa la ionosfera, linalofyonza mawimbi hayo mchana, hutoweka baada ya jua kuchwa.

Tatu, kwa vidato vya juu: kokotoa kasi ya ioni ya zenoni iliyofyatuliwa kwa volti 200, ukijua kwamba tungamo lake ni mara 131 ya tungamo la atomu ya hidrojeni. Ilinganishe na kasi ya elektroni tuliyoitaja. Kisha jibu: je, elektroni zingeweza kuufikia mwali huo kwa wakati? Atakayepata jibu hilo kwa hesabu yake mwenyewe atakuwa amefahamu kwa nini mwali wa Kiruna haukukwama.